Tamko la forodha katika pwani ya Kilwa na Lindi

Tamko la forodha ni maelezo ambayo mwenye mzigo, au wakala wake, huyatoa kwa idara ya forodha kuhusu bidhaa inayovuka mpaka wa nchi: ni kitu gani, ni kiasi gani, kina thamani gani, kimetoka wapi na kinakwenda kwa nani. Maofisa na mawakala wa forodha nchini Tanzania huliita pia kadhia. Ushuru, vibali na takwimu za biashara hutegemea maelezo hayo, kwa sababu hakuna ofisa anayeweza kufungua kila gunia na kila kifurushi. Mfumo mzima unaanza na neno la mwenye mali. Ukaguzi huja baadaye, na kwa baadhi ya mizigo tu.

Pwani ya Kilwa na Lindi, kusini mwa Tanzania, ina historia ndefu ya matamko ya namna hiyo, ya kweli na ya uongo. Zamani mizigo ilikuwa dhahabu, nguo na pembe za ndovu. Siku hizi ni korosho na ufuta kwa shehena kubwa, na kwa wauzaji wadogo wanaopata wateja kwa njia ya simu na intaneti ni vinyago, mikeka na mapambo yanayotumwa ng'ambo kwa posta.

Usultani wa Kilwa

Kabla ya Wareno kuuteka mji wa Kilwa Kisiwani mwezi Julai 1505, sultani wa Kilwa alipata mapato kutokana na biashara ya dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Utaratibu wake unajulikana hasa kutokana na barua ambayo Mreno Diogo de Alcáçova alimwandikia mfalme Manuel I mwaka 1506. Kwa mujibu wa barua hiyo, mfanyabiashara aliyeingia Kilwa alilipa mithkali moja ya dhahabu kwa kila nguo 500 alizokuwa nazo, bila kujali ubora wake, kisha akatozwa tena sehemu ya mali yake. Akirudi kutoka Sofala alilipa mithkali 50 kwa kila mithkali 1,000 za dhahabu, yaani asilimia 5.

Aliyeipita Kilwa bila kutia nanga hakusalimika. Alcáçova anaeleza kwamba huko Mombasa msafiri alitakiwa aonyeshe cheti kuwa amelipa Kilwa. Asipokuwa nacho, fedha zilichukuliwa palepale na kupelekwa kwa sultani wa Kilwa. Barua hiyo iliandikwa na mgeni aliyetaka kujua ni mapato kiasi gani mfalme wake angeweza kuyarithi, hivyo inafaa kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo inaonyesha kwamba hati ya forodha iliyotolewa bandari moja na kukaguliwa bandari nyingine si jambo lililoletwa na ukoloni.

Forodha ya Zanzibar

Katika karne ya 19 pwani hii ilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar, na bandari kuu ya kusini ilihamia bara, Kilwa Kivinje. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa 1833 na ule wa Uingereza wa 1839 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoletwa na wafanyabiashara wa nchi hizo. Mkataba wa 1839 uliacha biashara ya pembe za ndovu na sandarusi mikononi mwa sultani peke yake katika eneo la pwani lililoishia Kilwa.

Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Aliikodisha forodha yote kwa mfanyabiashara mmoja aliyeahidi kumlipa kiasi maalumu kila mwaka. Kwa muda mrefu wa karne hiyo mkodishaji alikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kachchh huko India. Makarani wake walikaa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwa mmojawapo. Kwa kuwa mkodishaji alibaki na chochote kilichozidi kiasi alichoahidi, alikuwa na sababu nzuri ya kumchunguza kila mwenye jahazi, lakini hakuwa na sababu yoyote ya kumwonyesha sultani hesabu kamili. Tozo za pembe zilitofautiana pia kulingana na mahali zilikotoka, kwa hiyo swali la "umetoka wapi" lilikuwa na bei yake.

Vitabu vya forodha ya wakati huo ni chanzo muhimu, na cha kuhuzunisha, cha historia ya Kilwa. Watu waliouzwa utumwani waliandikwa humo kama mizigo, wakitozwa ushuru kwa kichwa. Takwimu zilizowasilishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zilitaja watumwa 97,203 waliosafirishwa kutoka Kilwa kati ya 1862 na 1867: 76,703 walipelekwa Zanzibar na 20,500 sehemu nyingine. Hao ni wale waliotamkwa tu. Waliopitishwa kwa siri hawamo, na wanahistoria wanaotumia takwimu hizi hulazimika kukumbuka kwamba wanahesabu matamko, si watu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Vitabu vya forodha vikanyamaza, lakini biashara haikukoma. Ilihamia nchi kavu. Mwingereza Frederic Elton, aliyesafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, alihesabu watumwa 4,096 waliopita njiani kuelekea kaskazini katika muda wa mwezi mmoja, kuanzia tarehe 21 Desemba 1873. Mwaka 1876 Barghash alikataza misafara hiyo pia.

Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilichukua usimamizi wa forodha za pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa. Kupokonywa forodha, pamoja na dharau ya maofisa wapya, kulichangia kuzuka kwa vita vya pwani mwaka huohuo. Wawakilishi wawili wa kampuni waliuawa Kilwa Kivinje mwezi Septemba.

Sheria ya sasa

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo Tanzania Bara na Zanzibar huitumia pamoja na Kenya, Uganda na wanachama wengine. Upande wa Tanzania utekelezaji ni kazi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kifungu cha 203 cha sheria hiyo kinamhusu anayetoa kadhia au tamko lisilo la kweli, au lisilo sahihi katika jambo lolote. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kumwachia wakala kazi yote hakumwondolei mwenye mali wajibu: sheria inamhesabu wakala kana kwamba ndiye mwenye mzigo, na wakati huohuo inamwajibisha mwenye mzigo kwa yale ambayo wakala wake ameyatamka.

Thamani inayotakiwa ni bei halisi iliyolipwa au itakayolipwa na mnunuzi. Kwa bidhaa zinazoingia nchini kwa bahari huongezwa gharama za usafiri na bima hadi bandarini. Ofisa akiwa na shaka anaweza kuikataa bei iliyotajwa na kutumia bei ya bidhaa ileile au inayofanana nayo iliyowahi kuingizwa. Mzigo wenye thamani ya shilingi 100,000 unaotozwa ushuru wa asilimia 25 hulipiwa shilingi 25,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla ya shilingi 125,000, yaani shilingi 22,500, mbali na tozo nyingine. Anayeandika nusu ya bei hupunguza vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo kishawishi kilipo.

Bidhaa nyingi zinazotoka nchini hazilipiwi ushuru, lakini lazima zitamkwe. Korosho ghafi, zao kubwa la mikoa ya Lindi na Mtwara, ni tofauti: hutozwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa hiyo neno moja kwenye kadhia, "ghafi" au "iliyobanguliwa", hubadilisha hesabu yote.

Vifurushi vya wauzaji wadogo

Anayeuza kinyago au mkeka kwa mteja wa nje kupitia posta hujaza fomu za Umoja wa Posta Duniani. Fomu CN 22 ni kibandiko kidogo kwa vitu vyenye thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kizio cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa). Juu ya hapo hutumika CN 23, yenye nafasi zaidi. Zote huuliza aina ya kitu, idadi, uzito, thamani na sarafu yake, na kama ni zawadi, sampuli au bidhaa ya kuuzwa. Maelezo kama "zawadi", "vitu mbalimbali" au "mapambo" hayatoshi. "Kinyago kimoja cha mpingo, kilichochongwa kwa mkono" yanatosha, na namba ya orodha ya kimataifa ya bidhaa ikiongezwa ni bora zaidi: sanamu na mapambo ya mbao yako chini ya namba 4420, vikapu chini ya 4602.

Uongo wa kawaida ni wa aina mbili. Wa kwanza ni kupunguza bei, mara nyingi kwa ombi la mnunuzi mwenyewe, ambaye anataka kukwepa kodi ya kwao. Wa pili ni kuweka alama kwenye kisanduku cha zawadi. Kitu kilicholipiwa si zawadi, hata kama mnunuzi atampa mtu mwingine. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, husamehe zawadi isiyozidi yuro 45 iwapo tu imetoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi bila malipo.

Anayeumia kwa uongo huo mara nyingi ni muuzaji. Forodha ya nchi ya mbali huweza kulinganisha fomu na bei iliyotangazwa mtandaoni au risiti ya malipo, kisha kuzuia kifurushi. Mnunuzi hudai fedha zake, na gharama ya posta hairudi. Kifurushi chenye bima kikipotea, fidia haivuki thamani iliyoandikwa. Mchongaji aliyeandika dola 10 kwa kinyago cha dola 150 hana njia ya kudai dola 140 zilizobaki bila kukiri kwamba fomu ilikuwa ya uongo.

Nafasi ya kupitisha vifurushi vidogo bila kodi imepungua pia. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zisizozidi yuro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ilisimamisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Posta nyingi sasa hutuma maelezo ya fomu kwa kompyuta kabla ya kifurushi kufika, kwa hiyo fomu iliyojazwa nusunusu inaweza kukwamisha mzigo ambao hauna hatia yoyote.

Mpingo na mali kale

Kwa wauzaji wa Kilwa na Lindi swali gumu zaidi si bei bali aina ya kitu. Mpingo (Dalbergia melanoxylon) huota kwa wingi katika misitu ya mikoa hii. Baadhi ya vijiji vya wilaya ya Kilwa huvuna miti hiyo katika misitu yao wenyewe iliyothibitishwa kimataifa tangu 2009 kuwa inatunzwa vizuri. Mbao zake hutengeneza klarineti na zumari za Ulaya, mbali na vinyago vya Wamakonde.

Tangu Januari 2017 mpingo umo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Marekebisho yaliyoanza Novemba 2019 yanaruhusu bidhaa zilizokamilika zenye mbao hizo zisizozidi kilo 10 kwa shehena moja, pamoja na ala za muziki zilizokamilika, kupita bila kibali cha CITES. Magogo na mbao ghafi bado vinahitaji kibali. Hivyo mchongaji anayetuma kinyago cha kilo 2 hana cha kuficha. Akiandika "mbao nyeusi" kwa hofu ya kutaja mpingo, hujiletea mashaka ambayo ukweli ungemwepusha nayo. Matumbawe magumu, ambayo wageni hupenda kuyanunua kama mapambo, yamo pia katika Kiambatisho II na hayana msamaha kama huo wa uzito.

Mali kale ni jambo jingine kabisa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa na vigae vya vyombo vya China huokotwa ufukweni baada ya maji kupwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuvitoa vitu vya namna hiyo nje ya nchi bila kibali cha serikali, hata kama bei yake ni ndogo na fomu imejazwa kwa usahihi.