Ndevu za Kilimanjaro

Historia ya Mlima Kilimanjaro tuliyofundishwa, nasi tukaifundisha, ni historia ya theluji. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata kuamini. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kilele cha Kibo, mita 5,895. Katika masimulizi hayo likeni haina nafasi, ilhali, nionavyo mimi, yastahili sura yake.

Likeni si mmea, ingawa wengi huidhania hivyo. Ni kuvu na mwani vilivyoungana kuishi mwili mmoja: kuvu hujenga nyumba, mwani hupika chakula kwa nuru ya jua. Haina mizizi; hunywa ukungu na mvua kwa mwili wake wote. Ndiyo maana makazi yake hufuata unyevu wa hewani. Kule Kilimanjaro, aina ya Usinea, yenye nyuzi za kijani-kijivu mithili ya ndevu za mzee, huning'inia kwenye matawi ya msitu wa juu na ya miti ya Erika, mahali ambapo mawingu hupenda kulala. Ukipanda kupita mita 4,000, kwenye jangwa la baridi lisilo na miti, ndevu hizo huziachia nafasi likeni nyingine, zilizogandamana na mawe kama rangi iliyokauka.

Basi palipo na ndevu, pana ukungu. Miti huunasa ukungu huo, ukadondoka matone, yakaingia ardhini na kulisha vijito ambavyo Wachagga waliviongoza kwa mifongo yao hadi migombani tangu kabla ya ukoloni.

Adui ni moto. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu 1976 moto umeteketeza sehemu kubwa ya misitu ya Erika, na kwamba hasara ya maji ya ukungu yatokanayo na misitu hiyo ni kubwa kuliko ile ya kuyeyuka kwa barafu. Oktoba 2020 moto mwingine uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90.

Dunia inaililia theluji, na ina haki. Lakini mwalimu atakayewapeleka vijana mlimani awasimamishe kwanza chini ya matawi yenye ndevu, kabla ya kuwaonyesha kilele. Hapo ndipo maji ya nyumbani kwao yanapoanzia.