Kichwa cha papa na mawe ya Malta

Ndugu msikilizaji, juzi ndani ya daladala kijana aliyeketi kando yangu alinionyesha kwenye simu yake filamu fupi ya papa mkubwa kupita kiasi. Akanihakikishia kwamba samaki huyo, aitwaye megalodoni, yu hai hadi leo huko kilindini, ila wataalamu wanatuficha. Nikamuuliza amejuaje. Akajibu, "Mzee, si unaona mwenyewe?" Nilishuka kituoni kwangu bila kumjibu, na jambo hilo limenikera, maana swali hilohilo, la mtu anajuaje anachodai kukijua, liliwahi kuulizwa mbele ya kichwa cha papa zaidi ya miaka 350 iliyopita, na jibu lake likazaa elimu nzima.

Ilikuwa mwezi Oktoba mwaka 1666. Wavuvi wa karibu na Livorno, katika pwani ambayo leo ni ya Italia, walimnasa papa jike wa kutisha, ambaye inaaminika alikuwa papa mweupe. Mtawala wa huko, Ferdinando II wa ukoo wa Medici, aliposikia habari hizo aliamuru kichwa kipelekwe Florence. Kazi ya kukipasua alipewa daktari wa Kidenmark mwenye umri wa miaka 28, Niels Stensen, ambaye vitabu humwita Steno.

Steno alipofungua kinywa alikuta safu za meno, moja nyuma ya nyingine, na yale ya ndani kabisa yakiwa bado laini, yamefichwa na ufizi. Lakini kilichomshtua ni umbo lake. Meno yale yalifanana mno na mawe yaliyosifika sana Ulaya nzima, mengi yakichimbwa katika kisiwa cha Malta, yakiitwa ndimi za mawe. Wengine walisema ni ndimi za nyoka zilizogeuka jiwe tangu Mtume Paulo alipoumwa na nyoka kisiwani humo. Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, alikuwa ameandika kwamba yanaanguka kutoka mbinguni mwezi unapopoteza nuru yake. Wakubwa waliohofia kuwekewa sumu waliyatumbukiza katika vikombe vya mvinyo kwanza, ndipo wakanywa. Msiwacheke. Nao waliambiwa na watu waliowaamini.

Kwa haki, Steno hakuwa wa kwanza kusema mawe yale ni meno ya papa. Mwitalia Fabio Colonna alikwisha kulitamka hilo mwaka 1616. Tofauti ni kwamba Steno hakuishia hapo. Alijiuliza: ikiwa hili ni jino la samaki, limeingiaje ndani ya mwamba, tena mlimani, mbali na bahari? Katika kitabu chake cha mwaka 1667 alizipanga hoja kama wakili mbele ya hakimu, bila kujigamba. Mwaka 1669 akatoa jibu pana zaidi: miamba ile ilikuwa tope lililotuama majini tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini ndilo la kale kuliko la juu. Hata leo anayetafuta mafuta au makaa ya mawe chini ya ardhi huanzia hapo. Steno mwenyewe aliacha sayansi, akawa padri, kisha askofu, akafariki mwaka 1686.

Sasa, kwa nini meno tu? Mama yeyote aliyewahi kukata papa jikoni anajua kwamba samaki huyu hana mifupa kama changu. Ana gegedu, kitu laini kama kile cha sikio letu, ambacho huoza upesi. Meno ni magumu, tena papa mmoja huangusha maelfu katika maisha yake. Kwa hiyo wataalamu wa visukuku wanaposimulia habari za papa wa kale, aghalabu wanasimulia kutokana na meno na pingili chache za uti wa mgongo. Na meno yamewapotosha mara nyingi.

Louis Agassiz, mtaalamu wa Uswisi, katika miaka ya 1830 na 1840 alitazama meno makubwa ya pembetatu yenye makali kama msumeno, akaona yanafanana na ya papa mweupe, akamweka megalodoni katika ukoo mmoja naye. Mwaka 1909 Bashford Dean alitengeneza taya la megalodoni katika jumba la makumbusho la New York. Alilijaza meno makubwa karibu pande zote, akasahau kwamba ya pembeni huwa madogo. Wanaume wakaketi ndani yake wakapigwa picha. Baadaye ilidhihirika kwamba taya lile lilizidi kipimo kwa karibu theluthi moja, lakini picha haijaacha kuzunguka duniani.

Kosa la ukoo lilifichuliwa kutoka jangwa la Peru. Huko lilipatikana taya lenye meno 222 yakiwa mahali pake, pamoja na pingili 45, la papa aliyeishi miaka ipatayo milioni 6 na nusu iliyopita. Makali ya msumeno yapo, lakini ni hafifu, kama kazi iliyoanza na haijamalizika. Mwaka 2012 wataalamu walimpa papa huyo jina lake na kueleza kwamba yuko katikati ya jamii ya kale ya mako na papa mweupe wa leo. Basi papa mweupe si mjukuu wa megalodoni. Walikuwa majirani kwa muda, pengine wakigombea chakula, hadi megalodoni alipotoweka miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita.

Je, uvumi kwamba yu hai umetoka wapi? Sehemu yake, ndugu msikilizaji, umetoka kwa mtaalamu. Meli ya Kiingereza Challenger, iliyozunguka bahari kati ya mwaka 1872 na 1876, iliopoa meno ya megalodoni kutoka sakafu ya Pasifiki. Mwaka 1959 mtu mmoja alipima unene wa madini yaliyoyaganda, akatangaza kwamba baadhi yana maelfu ya miaka tu, si mamilioni. Lakini madini hayo hayagandi kwa mwendo mmoja kila mahali, na hesabu ikaanguka. Kisha mwaka 2013 televisheni moja ya Marekani ikaonyesha filamu ya "wataalamu" waliomwona, kumbe ni waigizaji.

Linganisha na papa mweupe. Mmoja aliyefungwa kifaa Afrika Kusini mwaka 2003, akapewa jina la Nicole, alifuatiliwa kwa setilaiti hadi Australia, kisha akaonekana amerudi alikotoka, safari ya zaidi ya kilomita 20,000 katika miezi 9. Hata hapa kwetu, Kenya na Zanzibar, amewahi kunaswa, na mwaka 2000 wataalamu walichapisha kumbukumbu zake.

Nikimkuta tena kijana yule sitambishia. Nitamwomba anionyeshe jino moja bichi la megalodoni, ambalo halijageuka jiwe.