Uji Unanywewa, Hauliwi

Jumatano ya Majivu nilimkuta dada mmoja hapa kazini ameshika kikombe cha uji wa ulezi, mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama chenyewe. Nikamwuliza, dada, si ulisema umefunga? Akanijibu bila kupepesa macho: "Uji unanywewa, hauliwi." Meza ya pili kaka mmoja Mwislamu akacheka mpaka akakohoa. Kwao mjadala huo haupo. Ramadhani, toka alfajiri mpaka magharibi, hata maji hayapiti kooni kwa kusudi.

Nami nilicheka, ila kazi yetu hii ina laana yake. Jioni nikaanza kuchimba. Kumbe utetezi wa yule dada una umri wa zaidi ya miaka 700, na uliwahi kugonganisha vichwa vya wasomi wa Hispania na Roma kwa miongo mingi. Ila wao hawakugombania ulezi. Waligombania chokoleti.

Kanisa Katoliki lilikuwa na mifungo miwili tofauti. Mmoja ni wa kabla ya komunyo: toka saa sita usiku hakuna kitu kinachoingia mdomoni, hata maji. Mwingine ni wa Kwaresima: mlo mmoja kwa siku, bila nyama. Kuhusu huu wa pili, Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliandika kwamba kinywaji hakivunji mfungo, hata kama kinalisha kidogo, kwa sababu watu hunywa ili kukata kiu na kusaidia chakula kishuke. Mlango ukabaki wazi.

Mwaka 1521 Wahispania wakaiteka Tenochtitlan, na huko wakakutana na kakao. Usifikirie vipande vya dukani vyenye karatasi ya kung'aa. Hivyo ni vya karne ya 19. Wenyeji wa Meksiko walisaga kakao wakaichanganya na maji na pilipili, na mara nyingi wakaongeza unga wa mahindi. Kwa lugha yetu, huo ni uji! Wahispania wakatia sukari na mdalasini, wakanogewa, halafu Kwaresima ikafika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 1636 mwanasheria Antonio de León Pinelo, aliyewahi kuishi Peru, alichapisha huko Madrid kitabu kizima juu ya swali moja tu: je, chokoleti inavunja mfungo? Jibu lake ni la kisheria kwelikweli: inategemea umechanganya nini ndani. Mwaka 1664 kadinali Francesco Maria Brancaccio akatoa chapisho lake Roma akiitetea: ni kinywaji, basi haivunji.

Kisa kitamu zaidi kinatoka Chiapa, kusini mwa Meksiko ya leo. Anakisimulia Thomas Gage, Mwingereza aliyekuwa mtawa wa Kidominiko huko, kwenye kitabu chake cha mwaka 1648. Akina mama wa Kihispania walikuwa wakiletewa chokoleti ya moto kanisani katikati ya misa, wakidai matumbo yao ni dhaifu. Askofu akatishia kuwatenga na Kanisa. Panga zikachomolewa, akina mama wakahamia kusali kwenye makanisa ya watawa, na baadaye askofu akaugua akafa. Uvumi ukasema aliwekewa sumu, na ndani ya nini? Kikombe cha chokoleti. Nakukumbusha tu kwamba Gage aliandika hayo akiwa ameshauacha Ukatoliki, hivyo hakuwa shahidi asiye na upande.

Kinachonikera katika habari hii yote ni nani hayumo. Soconusco, jirani na Chiapa, wenyeji walitozwa kodi ya kakao na Wahispania huku maradhi yakiwamaliza. Karne hiyo hiyo ya 17, mashamba ya kakao ya Caracas yalilimwa na Waafrika watumwa. Watu wanapima kwa mizani uzito wa kikombe kwenye dhamiri zao, na mikono iliyokileta haimo kwenye mizani hiyo.

Mfungo ule wa kabla ya komunyo nao ulitugusa sisi moja kwa moja. Bibi yangu alikuwa akitembea kwa miguu toka usiku kwenda misheni, koo kavu, na mtoni hapo wanavuka maji na hawanywi. Januari 1953 ndipo Papa Pius XII alipotamka kwamba maji hayavunji tena mfungo huo, na wenye safari ndefu au kazi nzito wakaruhusiwa kinywaji kisicho na kilevi. Mwaka 1957 ikawa saa tatu kwa chakula na moja kwa vinywaji. Mwaka 1964 Paulo VI akaifanya saa moja kwa vyote, maji yakiwa huru. Bibi hakunywa. Alisema kiu ya njiani ameshaizoea.

Kwaresima nayo ilipunguzwa mwaka 1966. Siku za lazima kufunga zikabaki Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili, na kidogo asubuhi na jioni. Kwa hiyo dada yetu hakuhitaji hata kujitetea.

Nilimsimulia habari za León Pinelo. Akasikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama huyo bwana aliandika chochote kuhusu supu. Maana nayo, alisema, inanywewa.