Uto, Singo na Kivuli

Kabla ya wanakemia kuyapa majina yaliyomo ndani ya chupa ya mafuta, wanawake wa pwani yetu walikuwa na mizani yao ya kuyapimia, nayo ilikuwa pua. Mafuta ya nazi, ambayo mpishi wake hukuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui, akalichemsha hata shata likajitenga na kuwa jekundu, yalisifiwa kwa ulaini wake, lakini yalivunda iwapo maji yalibakia ndani. Mafuta ya uto, yaani ya simsim, yalikuwa na subira, yakikaa muda mrefu katika joto la Unguja au Lamu bila ya kugeuka harufu. Maarifa hayo hayakuwekwa vitabuni. Yalipita mkono kwa mkono, kutoka kwa somo hadi kwa mwari wake.

Lugha yenyewe ni shahidi. Kusinga ni kuusugua mwili kwa mafuta na manukato, na kutoka katika kitendo hicho limezaliwa jina la singo, mchanganyiko unaotengenezwa aghalabu kwa ajili ya bibi arusi: karafuu, liwa iliyosuguliwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi, dalia, yasmini na maua ya mlangilangi, kila nyumba na kipimo chake, na kila somo akiapa kwamba kipimo cha mwenziwe kina upungufu. Wapo wadaio kuwa singo yote ni ya tangu dahari. Kusinga yamkini ni kwa kale, bali mkarafuu ni mgeni: asili yake ni visiwa vya Maluku, nao haukustawi Unguja ila katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, ulipoenezwa mashambani katika zama za Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja; kabla ya hapo karafuu ilikuwa bidhaa ya kuvuka bahari, isiyosagwa ovyo.

Uto nao ulikuwa na safari zake. Katika miji ya pwani simsim ilikamuliwa kwa vinu vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akienda kutwa nzima asifike popote, na mti wa kinu ukilia nyuma yake. Sayyid Said alipofanya mkataba wa biashara na Ufaransa mwaka 1844, merikebu za Kifaransa zilizidi kuja kuchukua simsim, na baadaye mbata, kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille, hata mbegu iliyokuwa ikimpaka mwari wa Lamu ikawa pia inawaogesha watu wasiopata kamwe kulisikia jina la Lamu.

Ni sadfa ya kupendeza kwamba ni Wafaransa wawili, Charles Moureu na Charles Dufraisse, ambao katika siku za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata waliichunguza habari ile ile ya kuvunda. Walikuwa wakishughulika na akroleini, kitu kikali kinachotoa machozi na kinachoharibika kikiwekwa, wakaona kwamba kiasi kidogo mno cha fenoli fulani kilitosha kuizuia oksijeni isikiharibu. Vitu vya namna hiyo ndivyo tuviitavyo leo antioksidanti. Mafuta ya simsim, ambayo kwa tabia ya asidi zake yangepasa kushikwa na oksijeni upesi, yanahifadhiwa na sesamoli na jamaa zake, vitu vya ukoo huo huo wa fenoli. Pua ya somo, basi, ilikuwa imefika kabla ya maabara.

Kutoka chupani hadi ngozini hatua si ndefu. Mwaka 1929 George na Mildred Burr, huko Marekani, walionyesha kwamba panya walionyimwa mafuta katika chakula ngozi zao hutoka magamba, na mwaka uliofuata asidi ya linoleiki ikatajwa kuwa miongoni mwa dawa za maradhi hayo. Asidi hiyo, ambayo ni kama sehemu mbili katika tano za mafuta ya simsim, huingia katika yale mafuta ya ngozi ya juu yanayozuia maji ya mwili yasipotee. Mwaka 1956 mwanasayansi Denham Harman akatoa rai kwamba uzee wenyewe ni kazi ya chembe huria zinazotokana na oksijeni. Jua huzizalisha chembe hizo ngozini, nazo hudhoofisha kolajeni iliyoishika ngozi isilegee. Mafuta yenye antioksidanti hupunguza baadhi ya madhara hayo na kuuzuia ukavu. Hayamrudishii mtu ujana wake. Eujenoli, fenoli ya karafuu, ina nguvu kubwa katika kazi hiyo ya kuzuia oksijeni, lakini mafuta ya karafuu matupu huunguza, na kwa hiyo naona busara ya singo ilikuwa katika kuichanganya.

Hata hivyo, kilichozihifadhi zaidi nyuso za mabibi wa kiungwana si uto wala karafuu, bali kivuli. Walikuwa wakitawa majumbani, nyuma ya kuta nene za mawe, ilhali karafuu ilichumwa na watumwa waliopanda mikarafuu juani, wanawake kwa wanaume, na ngozi zao zikalipa gharama ya ulaini wa ngozi nyingine. Baada ya utumwa kuondolewa hadhi ya kisheria Unguja mwaka 1897, wengi wa wanawake waliokuwa watumwa walivaa kanga, na baadaye buibui, mavazi ya watu walio huru. Na liwa ikasuguliwa juu ya mawe ya nyumba nyingi zaidi, zikiwamo nyumba za makuti za Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja.