Leseni ya Bangi, Historia ya Kismayu na Wajibu wa Askari

Katika miaka ya karibuni jambo jipya limeingia katika mazungumzo ya watu wa Afrika Mashariki, nalo ni leseni ya kulima bangi. Mmea ambao askari wa nchi zetu wamefundishwa kuung'oa, kuuchoma moto na kumfikisha mahakamani mwenye shamba, katika nchi jirani sasa waweza kupandwa kwa kibali cha Serikali, ndani ya ua wenye walinzi, ili utengenezwe dawa za hospitali. Wako walioshangilia wakidhani kwamba marufuku yamekwisha. Wako pia walioona kwamba Serikali zimeupa kisogo wajibu wao. Mazungumzo yetu ya leo hayakusudii kushangilia wala kulaani. Yanakusudia kuwakumbusha ninyi, ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, kwamba kibali na marufuku vina historia ndefu katika pwani yetu, na kwamba sehemu moja ya historia hiyo, tena yenye mafunzo makubwa, ni ile ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni.

Pwani hiyo yaanzia Kismayu na kushuka kusini hadi Ras Kiamboni, mpakani mwa Kenya. Mbele yake vimejipanga visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Wenyeji wake, Wabajuni, ni watu wa lugha ya Kiswahili, wavuvi na mabaharia, na jamaa zao wako Lamu na Mombasa. Nyuma ya visiwa kuna mikono ya bahari na mikoko, mahali ambapo mashua ndogo huweza kupita na meli ya doria isiweze kuifuata. Kila dola iliyotawala bara ilidhani kwamba imeitawala na bahari hiyo. Kila moja ilikuja kugundua kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1925 Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza, makao makuu ya jimbo la Jubaland katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Katika zama hizo serikali ya Uingereza ilikuwa na nyuso mbili juu ya bangi. Huko Uhindi ilikuwa imeunda tume kubwa mwaka 1893, na mwaka uliofuata tume hiyo ikasema kwamba kupiga marufuku hakufai. Bora kutoza kodi, kutoa leseni kwa wauzaji na kupunguza idadi ya maduka. Lakini huku kwetu wakoloni walifuata njia nyingine. Tangu Januari 1914 sheria ya kuzuia afyuni na bangi ilianza kutumika katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na Jubaland ilikuwa sehemu ya himaya hiyo. Hivyo basi, mmea uleule, chini ya bendera ileile, ulikuwa mali ya halali yenye leseni kule Bombay, na kosa la jinai katika pwani ya Kismayu. Mtawala hakuwauliza wenyeji wa pande hizo mbili. Aliamua kwa hesabu ya hazina yake na kwa hofu zake mwenyewe.

Mwaka 1925 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Mwezi Februari, huko Geneva, mataifa yalitia sahihi mkataba wa afyuni, na kwa mara ya kwanza bangi ikaingizwa katika mkataba wa dunia nzima. Afrika Kusini ilikuwa imelitaka jambo hilo tangu mwaka 1923, na mjumbe wa Misri alilipigania kwa nguvu mkutanoni. Mkataba ule uliweka utaratibu wa karatasi mbili: nchi inayoagiza ipeleke cheti cha kuagiza, na nchi inayouza itoe idhini ya kusafirisha. Miezi minne baadaye, mwishoni mwa Juni, Waingereza waliikabidhi Jubaland kwa Waitaliani, ikiwa ni ujira wa Italia kwa kushiriki kwake katika Vita Kuu ya Kwanza. Wabajuni wakaamka chini ya bendera nyingine, na mpaka mpya ukapita kati yao na ndugu zao wa Lamu. Safari ya mashua iliyokuwa ya jirani kwenda kwa jirani ikawa safari ya nchi kwenda nchi, yenye forodha na vibali. Tangu siku hizo, mtu wa visiwa aliyebeba mzigo wake kama baba yake alivyoubeba aliweza kuitwa mtu wa magendo.

Utaratibu wa karatasi ulikamilishwa na mkataba wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa sheria za nchi nyingi hata leo. Wengi hudhani kwamba mkataba huo ulifunga kila mlango. Sivyo. Ulikataza bangi isipokuwa kwa tiba na kwa utafiti wa sayansi, kisha ukaeleza namna ya kuilima kwa halali. Nchi inayotaka kuruhusu kilimo hicho lazima iwe na chombo cha Serikali cha kusimamia. Chombo hicho kitaje maeneo ya kulima. Kitoe leseni kwa wakulima wenye kujulikana. Na kinunue mavuno yao katika muda usiozidi miezi minne baada ya kuvuna. Kwa maneno mengine, leseni si ruhusa ya kufanya upendavyo. Leseni ni kamba ndefu ambayo ncha moja imeshikwa na mkulima na ncha ya pili imeshikwa na Serikali.

Je, kamba hiyo yaweza kushikwa katika pwani kama ya Kismayu? Hapo yatupasa kutazama jani jingine, maana si bangi iliyowashughulisha sana watawala wa Somalia, bali miraa, ambayo Wasomali huiita jaad. Miraa si bangi, na sheria zake ni mbali. Lakini marufuku yake yatufundisha jinsi amri inavyoishi au kufa.

Mwezi Machi 1983 serikali ya Jenerali Mohamed Siad Barre ilipiga marufuku kulima miraa, kuiingiza nchini na kuitafuna. Mashamba ya kaskazini yaling'olewa, na wakulima wa huko wakaona kwamba wameonewa wao peke yao. Biashara haikufa, ilihamia mikononi mwa wale wenye gari la usiku na rafiki kizuizini. Waliokuwa wakilipa kodi waziwazi wakalipa rushwa kwa siri. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1991, ndege zenye marobota ya miraa ya Meru ziliendelea kutua katika viwanja vilivyotawaliwa na makundi ya silaha, na ushuru wa kila robota ukawa baruti. Mwaka 2006 mahakama za Kiislamu zilipoishika Kismayu zilipiga marufuku miraa tena, na mwezi Novemba watu wa mji huo wakaandamana kupinga. Baada ya wiki chache watawala hao nao walikuwa wameondoka. Huko Kenya mambo yalikwenda njia nyingine: mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na miraa ikatambuliwa kuwa zao la biashara. Mwezi Machi 2020 Somalia ilizuia miraa ya Kenya isiingie, na zuio hilo likaondolewa Julai 2022 kwa makubaliano ya Marais wa nchi hizo mbili. Jani moja, mpaka mmoja, na amri zilizopishana kama mawimbi.

Lakini funzo kali kuliko yote ni la makaa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikataza makaa ya Somalia kuuzwa nje, kwa sababu fedha zake zilikuwa zikiwalisha wapiganaji wa Al-Shabaab walioishika Kismayu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali waliingia mjini. Hata hivyo, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza katika ripoti zao za miaka iliyofuata kwamba makaa yaliendelea kupakiwa bandarini, na kwamba shehena zilifika Ghuba zikiwa na vyeti vya uongo, vikidai kwamba makaa hayo yametoka nchi nyingine, kama vile Komoro. Tafakarini jambo hilo, ndugu askari. Cheti kilikuwapo, kimepigwa mhuri, na maandishi yake yamepangwa vizuri. Kilichokosekana ni mtu mwaminifu wa kukitazama cheti, kisha kuutazama mzigo, kisha kusema hapana. Na kila gunia lililopita hivyo liliweza kurudi kwa njia ya risasi, na risasi hiyo haikuchagua kati ya mwananchi na askari.

Tukiwa na historia hiyo mbele yetu, sasa tutazame leseni za siku hizi. Lesotho ilitangulia katika Afrika mwaka 2017 kwa kutoa leseni za bangi ya dawa. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, na ikaweka ada ya dola 50,000 za Marekani kwa leseni ya miaka mitano. Malawi ilitunga sheria yake mwaka 2020. Rwanda iliweka kanuni mwaka 2021: leseni hudumu miaka mitano, na shamba lazima liwe na ua wa mara mbili, minara ya ulinzi, taa, kamera na walinzi wa usiku na mchana, wakati huohuo kuvuta bangi nchini humo kumebaki kuwa kosa. Uganda ilitangaza masharti mwaka 2020, yakiwamo mtaji usiopungua dola milioni 5 na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya madawa ya kulevya ya nchi hiyo kwa sababu ilipitishwa Bungeni bila akidi ya wabunge kutimia. Sheria mpya ikaanza mwaka 2024. Kenya, Tanzania na Somalia zimeshikilia marufuku.

Mwombaji wa leseni ya namna hiyo hupita katika milango mingi. Hueleza shamba liko wapi na ni la nani. Huonyesha fedha zake na chanzo chake. Huthibitisha kwamba yuko mnunuzi wa dawa katika nchi inayoruhusu. Hutoa mpango wa ulinzi. Hukaguliwa yeye na watumishi wake. Kila mlango una afisa, na kila afisa ni mwanadamu. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na usemi huo ulizaliwa pwani kabla ya dola kujulikana.

Kuna na jambo la haki, ambalo hatuwezi kulifumbia macho. Mkulima mdogo hana dola milioni 5. Kama leseni itakuwa ya tajiri peke yake, na jela ikabaki ya maskini peke yake, wananchi watauliza sheria hii ni ya nani. Moroko ilijaribu kulijibu swali hilo. Sheria yake ya mwaka 2021 iliwaruhusu wakulima wa milima ya Rif kuingia katika vyama vya ushirika na kupewa vibali, na mwezi Agosti 2024 Mfalme aliwasamehe wakulima zaidi ya 4,800 waliohukumiwa au waliokuwa wakitafutwa. Si lazima kila nchi iige. Lakini ni dhahiri kwamba sheria isiyoonekana kuwa ya haki humnyima askari msaada mkubwa kuliko silaha, yaani habari kutoka kwa raia.

Hivyo basi, wajibu wa askari ni upi? Kwanza, ni kuijua sheria ya nchi yake mwenyewe. Leseni iliyotolewa Kampala au Kigali haina nguvu katika bahari ya Lamu wala katika bandari ya Kismayu. Bangi inayopita huko bila idhini ya nchi husika ni magendo, hata ikiwa na karatasi za rangi zote. Pili, ni kuisoma karatasi pamoja na mzigo: jina la mwenye leseni, mahali palipotajwa, uzito, tarehe na mwisho wa safari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila mkaguzi ni karatasi ya kufungia kashata. Tatu, ni kutomwonea mnyonge. Mvuvi wa Chula au wa Koyama anayevuka kwenda kwa jamaa zake si mhalifu kwa sababu tu mpaka umepita katikati ya ukoo wake. Akiheshimiwa, atakuwa jicho la doria. Akidhalilishwa, atanyamaza, na mikoko itawaficha wenye shehena kubwa.

Ndugu wasikilizaji, kwa zaidi ya miaka 100 pwani ya Kismayu imepokea amri kutoka London, Roma, Geneva, Mogadishu na New York. Nyingine zilikataza na nyingine ziliruhusu. Karibu zote ziliandikwa na watu wenye elimu, zikatiwa sahihi kwa kalamu nzuri. Pale zilipovunjika, hazikuvunjika mezani zilipoandikwa. Zilivunjika gatini, uwanjani na kizuizini, saa nane za usiku, mbele ya mtu mmoja mwenye sare. Nchi ikichagua kukataza, au ikichagua kutoa leseni, mwisho wa safari ni kwa mtu huyo. Na mtu huyo ni wewe.