Maumivu makali ya tumbo: wakati gani usisubiri kukuche

Maumivu mengi ya tumbo huisha yenyewe. Huwa ni gesi, hedhi, choo kigumu au chakula kilichoharibika. Lakini yapo yanayohitaji upasuaji wa haraka, na mahali yalipo humsaidia daktari kujua chanzo.

Chini upande wa kulia: Huenda ni kidole tumbo. Maumivu huanzia kwenye kitovu, kisha huhamia chini kulia, mara nyingi ndani ya saa 24. Mgonjwa hukosa hamu ya kula, hutapika na huumia zaidi akikohoa. Yakipungua ghafla, usidhani amepona. Huenda kidole tumbo kimepasuka.

Chini ya kitovu, kwa mwanamke aliyechelewa hedhi: Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, hata kama hajajua kuwa ni mjamzito. Kizunguzungu au maumivu ya bega ni ishara kwamba damu inavuja ndani.

Chembe ya moyo: Huenda ni vidonda vya tumbo. Maumivu yakija ghafla na tumbo likawa gumu, huenda kidonda kimetoboka.

Juu upande wa kulia, hasa baada ya chakula cha mafuta: Huenda ni mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Ubavuni kushuka hadi kinenani: Huenda ni mawe kwenye figo.

Mvulana anayelalamika tumbo la chini aulizwe pia kuhusu korodani. Ikijisokota, inatakiwa kutibiwa ndani ya saa 6 hivi ili isipotee, na wengi huona haya kusema.

Nenda hospitali mara moja ukiona:
- maumivu ya ghafla yasiyokuruhusu kusimama wima
- tumbo gumu au lililovimba, na huwezi kupata choo wala kutoa hewa
- kutapika damu, au choo cheusi kama lami
- homa kali, kuzimia, au ujauzito

Njiani, usile na usinywe dawa ya kuharisha. Tumbo lisikandwe. Dawa ya maumivu ya dukani isikufanye ubaki nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni huzidisha vidonda vya tumbo. Kumbuka saa maumivu yalipoanza na yalianzia wapi. Hayo ndiyo maswali ya kwanza utakayoulizwa.