Halima wa Kwihara na safari yetu ya Ulaya



Mwezi uliopita waliingia dukani kwangu wateja wanne kwa pamoja, kila mmoja na picha yake kwenye simu. Wanataka makoti marefu yenye bitana nzito, ya kuvaa juu ya baibui. Disemba watoto wakifunga skuli wanakwenda Ulaya: wataanzia Istanbul, kisha Vienna, kisha Paris, wamalizie London. Wawili wanakwenda na waume zao, mmoja na kaka yake, na wa nne bado anazungumza na shekhe wake kuhusu suala la maharimu. Nikawapima mabega na mikono, huku nikiwasikiliza.

Nilichosikia kikanitia wasiwasi. Hakuna aliyejua nani atashika pesa, wala nani ataamua ndege ikichelewa. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wee usijali, mimi nitakulipia tiketi, utanirudishia tukirudi." Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno hayo hayo yaliwahi kunipotezea shoga.

Nitalieleza hilo mwishoni. Kwanza naomba niwachukue Tabora.

Nilikwenda Tabora kupeleka nguo za harusi, na nilipomaliza kazi nikapelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji. Pale ipo nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Watu wengi huijua kwa jina la Livingstone, yule Mskoti. Mimi nilitoka pale nikimfikiria mwanamke aliyekuwa akimpikia, jina lake Halima.

Sisi watu wa visiwani tunaijua Tabora kwa asali na maembe, na tunasahau kwamba ilikuwa njia panda ya safari zote za bara. Wenyeji wake ni Wanyamwezi wa Unyanyembe, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliweka kituo chao hapo katikati ya karne ya 19. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikavuka pori kavu la Mgunda Mkali, ndipo ikafika Tabora. Hapo njia ziligawanyika: magharibi kwenda Ujiji na Kongo, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwisho wa Juni 1857 wakafika Tabora tarehe 7 Novemba, zaidi ya miezi minne njiani. Leo tunalalamika ndege ikikaa saa sita Doha!

Watu hawa hawakuondoka hivi hivi. Kwanza waliangalia majira. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wenye sifa kubwa ya kutembea, na wao walikuwa wakulima pia. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba, na mpagazi alitaka awe kwao na jembe mkononi. Mfanyabiashara aliyechelewa kutoka pwani alijikuta na mizigo bila mabega ya kuibeba.

Pili walipima mzigo. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, tena kwa miguu. Ndege nyingi leo zinatupa kilo 23, na koti moja la baridi na viatu vyake vinamaliza sehemu kubwa ya sanduku. Kwa hiyo koti liwe moja zuri, na ndani mvae nguo nyepesi mbili tatu zinazopandana. Huo ni ushauri wa fundi, ingawa unanipunguzia oda!

Tatu walihesabu matumizi, na hapa mimi fundi nilifurahi, kwa sababu pesa ya njia ile ilikuwa nguo. Kulikuwa na marekani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa na meli za Wamarekani. Kulikuwa na kaniki, ya rangi ya bluu iliyokoza, iliyotoka Uhindi. Mikono minne ilikuwa shuka, na mikono minane ilikuwa doti. Bi harusi anayehesabu doti za khanga kwenye sanduku lake la mahari anatumia kipimo kile kile kilichonunua unga na maji njiani Tabora.

Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, aliwauliza wafanyabiashara waliokwishapita njia ile: watu 100 wanakula nguo kiasi gani kwa siku? Akajibiwa doti 10, sawa na yadi 40. Kwa hesabu hiyo miezi mitatu tu inataka doti 900, na hapo hujamlipa mpagazi wala hujatoa hongo. Tazameni alivyofanya: aliwauliza waliokwenda, kisha akazidisha kwa siku. Nanyi fanyeni hivyo. Chukueni bei ya chakula halali, usafiri wa mjini na malazi kwa siku moja, mzidishe kwa siku zenu zote, kabla mtu hajasema "tutaona huko huko".

Nne walijua hongo. Siku hizi neno hilo ni aibu, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi uliolipwa kwa mtemi ili upite nchi yake, na Ugogo walisifika kwa kuudai. Aliyepanga safari bila kuuhesabu alifika katikati ya njia na mizigo mitupu. Ushuru wetu leo ni viza. Miji minne ya wateja wangu inataka viza tatu: Uturuki ina yake, Austria na Ufaransa zimo katika viza moja ya Schengen, na Uingereza ina yake. Schengen peke yake ni Euro 90 kwa mtu mzima, na inataka bima ya safari isiyopungua Euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza kukimbizana Novemba.

Na tano, walikuwa na kiongozi. Kirangozi alitangulia mbele na bendera, na msafara wote ukamfuata. Hili dini yetu imetufundisha mapema: Mtume (S.A.W.) ametuagiza watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Wanne wasiokuwa na amiri watasimama mbele ya kituo cha treni Paris wakibishana, na sala itawapita. Msidhani natania. London mwishoni mwa Disemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni kwa saa zetu. Kutoka Adhuhuri hadi Magharibi hazifiki saa nne. Ruhusa ya msafiri kufupisha na kukusanya sala ipo, alhamdulillah, lakini lazima awepo mtu mwenye jukumu la kusema "sasa tusimame tusali".

Sasa nirudi kwa Halima.

Alikuwa mke wa Amoda, mmoja wa watu wa Livingstone, na ndiye aliyekuwa akishika jiko. Stanley alipofika Ujiji Novemba 1871, aliandika jinsi Halima alivyohangaika kwa ujio wa mgeni, akiwaza atampikia nini. Nani kati yetu hajawahi kuwa Halima, wageni wakiingia bila taarifa? Februari 1872 wakahamia Kwihara. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Katika miezi hiyo ya kungoja, Halima aligombana na mwanamke mwenziwe wa msafara, Ntaoeka, aliyekuwa mke wa Chuma. Wanawake wawili, ua mmoja, safari isiyosogea. Halima akakasirika akaondoka. Livingstone alituma barua imfuate, lakini Halima akarudi mwenyewe. Akasimama nje, hakuingia. Alichotaka ni mtu atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia aingie, na wasigombane tena. Aliyaandika haya katika daftari lake, akaongeza kwamba Halima ni mwaminifu, haibi wala hamwachi mumewe aibe, na kwamba akifika naye Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na shamba dogo.

Nilisimama muda mrefu pale Kwihara nikiwaza ahadi hiyo. Nyumba Unguja. Kwa mwanamke wa mwaka 1872 asiyekuwa na mamlaka juu ya nafsi yake, hiyo ilikuwa dunia nzima.

Lazima niseme na hili wazi. Njia tunayoisifu kwa nguo na pembe ndiyo iliyopitisha mateka wengi, na wanawake wengi walitembea humo bila kuulizwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kanisa la Mkunazini limejengwa pale pale. Sisi tunaochagua miji minne kwa kugusa simu tuwakumbuke waliopita Tabora bila kuchagua hata mji mmoja. Tukikumbuka hayo, shukrani ya safari inakuwa ya kweli.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walikutana wote. Wakawakubali Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, kwa kuwa ndio wazoefu wa safari. Wakafungua masanduku, na Jacob Wainwright aliyejua kusoma akaandika orodha ya kila kilichomo, ili asije mtu baadaye akasema kimepotea. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringisha nguo, wakautia ndani ya gamba la mti, na juu yake wakashona turubai. Halima alikuwa pamoja nao katika safari hiyo. Oktoba walifika Kwihara, na huko Mwingereza Cameron akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa, kwa sababu walikuwa wameshakubaliana. Mbele ya Tabora watu walipozuia maiti isipite, waliufunga mwili upya ukafanana na mzigo wa nguo, wakapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa Westminster, London, na Wainwright alikuwepo. Susi na Chuma nao walipelekwa Uingereza mwaka huo huo.

Basi, dada zangu, huo ndio msafara uliotoka bara, ukapita Tabora, Unguja, hadi London. Ulifanikiwa kwa mambo matatu: viongozi waliokubaliwa na wote, orodha iliyoandikwa, na neno lililoshikwa hata ushauri wa mkubwa ulipokuja.

Lakini mwenye ahadi ya Halima alifariki kabla ya kufika Unguja. Maneno yake yalikuwa ndani ya daftari lake mwenyewe, hayakuwa mkononi mwa Halima mbele ya mashahidi. Ndiyo maana Allah katika Suratul Baqara ametuamrisha tuandike madeni kwa muda wake na tuweke mashahidi. Kuandika hakumaanishi kwamba humwamini mwenzako. Kunamlinda siku utakapokuwa hupo.

Sasa la kwangu. Miaka iliyopita mimi na wenzangu tulipanga safari ya Istanbul. Shoga yangu mmoja hakuwa na pesa taslimu, nikamlipia tiketi na hoteli. Hatukuandika. Hatukuwa na amiri. Tuliporudi yeye alidai nusu ya pesa alinilipa kule kule kwa chakula na teksi, mimi nikadai zile zilikuwa zamu zake. Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Harusi yangu hakuja. Aqiqa ya mwanawe sikwenda. Mara mbili amepita mbele ya duka langu akasimama ng'ambo ya barabara akitazama nguo dirishani. Nami nikainamisha kichwa kwenye cherehani, nikijifanya nashona.

Nilikuwa nikisema, akitaka ataingia. Kwihara nilijua kwamba huenda amekwisha kurudi, na anachongoja ni mtu atoke amwambie ingia.

Wateja wangu wanne nimewaambia makoti hayakatwi mpaka waniletee karatasi moja yenye jina la amiri wao, hesabu ya kila siku, mshika pesa, na kila deni na tarehe ya kulipwa, na sahihi zao wote. Walinicheka, lakini wiki iliyofuata waliileta. Mshika pesa ni yule mkimya kuliko wote, na yule aliyekuwa akilipiwa tiketi ameamua kuacha Vienna ili asikope. Nimeanza kukata.

Na leo Alhamisi, nikishafunga duka baada ya Alasiri, nitavuka barabara niende kwake. Pesa nimeshazisamehe. Sitaki kuzungumza hesabu. Nitabisha hodi na kumwomba arudi.

Niombeeni dua. Na nyinyi mnaosafiri, Allah awatangulie mwende salama na mrudi salama, nyote mkiwa bado mashoga.